Kichwa cha habari kimevuka mpaka

Makala hii ya seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine) ni nzuri, ila kichwa chake kusema "zinatibu kila ugonjwa" ni kutia chumvi. Mbona upandikizaji wa uboho haukutajwa kabisa? Hiyo ndiyo tiba ya seli shina iliyokwisha kuthibitika, na imewasaidia wagonjwa wa saratani ya damu kwa zaidi ya miaka 50. Matibabu mengine mengi ya seli shina bado yako maabara au kwenye majaribio.

Nimefurahi kuona mwanasayansi wa Japani, Shinya Yamanaka, ametajwa. Mwaka 2006 alichukua seli za kawaida za panya, akaziingizia jeni 4 tu, zikarudi utotoni, yaani zikawa tena na uwezo wa kugeuka seli za moyo, neva au kongosho. Mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli za binadamu, na 2012 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na mwanasayansi Mwingereza John Gurdon. Lakini (hapa mwandishi kapita mbio) mojawapo ya jeni zile, c-Myc, inahusishwa na saratani. Seli inayoweza kuwa chochote huweza pia kuwa uvimbe ikipandikizwa kabla haijakomaa. Ndiyo maana watafiti huzikomaza kwanza, kisha huzichuja kuondoa zisizokomaa.

Kwa hiyo kliniki inayokudunga sindano moja eti itibu goti, kisukari na kiharusi, iulize: seli gani, zimetoka wapi, jaribio limesajiliwa wapi? Wakianza kukuonyesha picha za wateja waliopona, chukua mkoba wako uondoke.