Mwenye lugha akae wapi darasani?

Madarasa ya lugha ya ishara yameongezeka Nairobi, na mengi niliyoyaona yanafundishwa na wanaosikia. Viziwi wanalalamika kwamba wao huitwa siku mojamoja kusaidia mazoezi, wakapewa nauli, na ada ikabaki kwa wengine. Wanaosikia wanajibu kwamba wana vyeti, kwamba anayeanza anahitaji kuelezwa kwa lugha anayoijua, na kwamba viziwi waliosomea ualimu ni wachache. Hoja hizo zina uzito. Muuguzi mwenye mgonjwa kiziwi wodini leo hawezi kungoja walimu viziwi watoshe. Tena wapo wanaosikia waliolelewa na wazazi viziwi, ambao ishara ndiyo lugha yao ya kwanza.

Ila hili la vyeti linaniudhi, kwa sababu uchache huo una chanzo. Mwaka 1880, mkutano wa walimu mjini Milan ulipitisha kwamba watoto viziwi wafundishwe kwa matamshi, ishara ziachwe. Kati ya wajumbe takriban 164, kiziwi alikuwa mmoja. Walimu viziwi wengi wakaondolewa shuleni Ulaya na Marekani, na shule zetu za kwanza za viziwi zilianza na mbinu hiyohiyo. Mtoto akakaa miaka akitazama midomo ya mwalimu, somo likimpita, hadi mtihani ukamkuta hana alama za kumfikisha chuo cha ualimu. Leo mtu huyohuyo anaambiwa hawezi kufundisha lugha yake kwa kuwa hana cheti.

Na kuna kinachopotea darasani. Nilihudhuria somo moja ambapo mwalimu, anayesikia, alifundisha “Umekula?” huku akitamka. Sauti yake ilipanda mwishoni kama tunavyouliza sote, uso ukatulia. Kiziwi aliyekuwa ameketi nyuma, msaidizi wa siku hiyo, aliinua mkono: katika ishara, swali hilo huulizwa kwa nyusi kuinuka. Bila nyusi, yeye aliona habari tu, kwamba amekula. Sisi hatukuwa tumeona kosa lolote, maana swali tulilisikia. Alipokuja mbele akatuuliza mmoja mmoja, kimya, macho yake yakingoja jibu, ndipo nyusi zetu zikaanza kufanya kazi.

Katiba ya 2010 inaitaja Lugha Ishara ya Kenya katika kifungu cha 7, na kifungu cha 120 kinaifanya mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Lugha yenye hadhi hiyo inastahili kiziwi aongoze somo, apange mtaala na alipwe ada ya mwalimu. Anayesikia ana nafasi yake pia: atafsiri maelezo ya wiki za mwanzo, ajibu maswali ya sarufi, kisha anyamaze mazoezi yanapoanza. Asiye na cheti apimwe kwa ufasaha wake, akifaulu alipiwe mafunzo ya ufundishaji huku akiendelea na darasa. Yule msaidizi alitufundisha nyusi kwa dakika kumi, kisha akarudi kuketi nyuma.