Nionyeshe Pesa Taslimu Kwanza

Kila anayenijia na hisa ya kampuni ndogo huanza na hadithi. Dawa iko mbioni kuidhinishwa, mgodi umegonga dhahabu, betri mpya itazifukuza za zamani sokoni. Sina ugomvi na hadithi. Bila hadithi nani angeweka senti yake kwenye kampuni isiyo na faida? Ila humkatiza mapema nikamwuliza: wana pesa ngapi benki, na kwa mwezi wanatumia ngapi?

Mara nyingi hajui. Na jibu lipo, tena bure, kwenye taarifa ya fedha ambayo kampuni iliyoorodheshwa sokoni inalazimika kuitoa. Ruka kurasa za mbele zenye picha za wakurugenzi wanaotabasamu. Nenda kwenye mtiririko wa fedha, uone kiasi gani kimeteketea. Kampuni yenye dola milioni 6 inayokula milioni 1 kila mwezi ina miezi 6 ya kuishi. Ikiwa majibu ya majaribio ya dawa yake yanatarajiwa baada ya miezi 18, basi lazima itapitisha bakuli kabla hadithi haijafika mwisho.

Na bakuli hilo hujazwa kwa kuuza hisa mpya. Hapo ndipo nilipoungua mimi. Nilinunua hisa za kampuni changa ya teknolojia nikijigamba kwamba nimeiona kabla ya wengine, na kweli ikakua. Hesabu yenyewe ilikwenda hivi, kwa namba rahisi: thamani ya kampuni ni dola milioni 20 na hisa ni milioni 20, kwa hiyo kila hisa ni dola 1. Miaka mitatu baadaye thamani imefika milioni 40, lakini hisa nazo zimefika milioni 60. Yako sasa ni kama senti 67. Kampuni imekua maradufu, wewe umekula hasara, na hakuna aliyekudanganya. Bei nilikuwa naitazama kila asubuhi. Idadi ya hisa sikuitazama hata siku moja. Siku hizi naanza na idadi hiyo, nikirudi nyuma miaka 5, kisha nahesabu na zile ambazo bado hazijazaliwa: haki za kununua hisa walizopewa mameneja, na mikopo inayoweza kugeuzwa kuwa hisa.

Pili, nataka ushahidi kutoka kwa mtu asiyenufaika bei ikipanda. Bre-X ya Kanada ilidai kuwa na hazina kubwa ya dhahabu huko Busang, Indonesia, na thamani yake sokoni ikapita dola za Kanada bilioni 6. Kawaida ya watafiti wa madini ni kupasua katikati mche wa mwamba, yaani kile kipande kirefu kinachotolewa kwa kutoboa ardhi: nusu iende maabara, nusu itunzwe ili mwingine aje kupima tena. Bre-X waliisaga miche yao mizima. Mwaka 1997 Freeport-McMoRan, kampuni ya madini ya Marekani, walitoboa mashimo yao wenyewe jirani na yale ya mwanzo, wasipate dhahabu ya maana. Sampuli za Bre-X zilikuwa zimetiwa dhahabu ya kutoka kwingine. Sitegemei mwekezaji wa kawaida agundue hilo, lakini kuuliza “nusu nyingine iko wapi?” hakuhitaji shahada ya jiolojia.

Maoni ya mkaguzi wa hesabu yasome pia. Akiandika kwamba ana shaka kubwa kama kampuni itaweza kuendelea na shughuli zake, mwamini. Angalia na mlango wa kutokea: kama wanunuzi wanatoa senti 90 huku wauzaji wakitaka dola 1, umeshapoteza asilimia 10 dakika ile ile uliyonunua, na siku ya habari mbaya hata hao wa senti 90 hutawaona.

Rafiki yangu mmoja aliposikia maswali haya alisema nimekuwa mzee wa kuharibu sherehe. Wiki moja baadaye akanitumia picha ya mizania ya kampuni aliyokuwa akiipigia debe, mstari wa pesa taslimu ameuzungushia kalamu nyekundu. Pembeni alikuwa ameandika, “Miezi minne.” Alinunua hata hivyo, ila robo ya alizokusudia.