Mwanafunzi wa HKL Naye Apimwe Namba

Huku Marekani, katika vyuo vingi, anayesomea historia au muziki hapati digrii bila kupita kozi ya sayansi, mara nyingi astronomia, jiolojia au biolojia. Kwetu Tanzania, kwa miaka mingi, aliyechukua HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) ameagana na hesabu kidato cha nne. Hapa wenzetu wametupita. Si kwamba wanajua hesabu kuliko sisi. Wanachofanya, ndani ya kozi hizo za sayansi, ni kupima kama mwanafunzi anaweza kuitumia hesabu.

Kupima huko kuna ufundi wake, na hauhitaji fomula ngumu. Chukua sensa yetu: watu milioni 44.9 mwaka 2012, milioni 61.7 mwaka 2022. Ongezeko ni asilimia ngapi? Jibu ni 37. Swali likiwa la kuchagua, majibu ya kupotosha nayo yana kazi: anayechagua 27 amegawanya kwa idadi mpya badala ya ile ya mwanzo; anayechagua 17 ametoa tu, kisha akaita mamilioni asilimia. Jibu lisilotokana na kosa halisi halimwambii mhadhiri chochote. Kisha uliza kasi ya kila mwaka: ni asilimia 3.2, si 3.7, kwa sababu kila mwaka unaanza na watu wengi zaidi. Kikokotoo kiruhusiwe.

Jaribio la maswali kama haya hufanywa wiki ya kwanza, likarudiwa mwisho wa muhula. Tofauti ya alama pekee haitoshi. Darasa lililotoka 40 hadi 55 kati ya 100 limepata robo ya alama lilizokuwa limekosa. Lililotoka 70 hadi 85 limepata nusu.

Kinachoharibu zaidi ni kutojali. Jaribio lisilo na alama, tena karibu na mitihani, wengi hubofya tu, na darasa huonekana limerudi nyuma. Kwa hiyo waulizwe mwishoni wamejitahidi kiasi gani, muda waliotumia uangaliwe, na walinganishwe waliofanya majaribio yote mawili tu. Wanaoacha kozi katikati mara nyingi ndio waliokuwa dhaifu. Ukiwahesabu mwanzoni peke yake, utasifia maendeleo ambayo hayapo.

Najua hoja ya nyumbani: madarasa yamejaa. Lakini maswali 15 ya kuchagua husahihishwa kwa mashine. Ongeza swali moja la kueleza grafu kwa maandishi, uchukue karatasi 50 kwa bahati nasibu, wahadhiri wawili wazisahihishe kila mmoja peke yake kwa vigezo vilevile. Wakitofautiana sana, virekebishwe vigezo kwanza. Kozi ya Development Studies (taaluma za maendeleo), ambayo tayari imejaa takwimu za watu na mavuno, inaweza kuanza muhula ujao.