Mihimili Mitatu na Daftari Langu la Madeni

Wananchi wenzangu wa mikoa mingine huisikia mihimili ya dola redioni, wakazima redio wakalala. Mimi ninayeuza supu Area D, hapa Dodoma, sina bahati hiyo, kwa sababu mihimili yote mitatu hukaa kwenye benchi langu kila asubuhi, na yote mitatu imo katika daftari langu la madeni. Serikali inawakilishwa na dereva wa wizara moja kule Mtumba. Bunge linawakilishwa na msaidizi wa mbunge, kijana anayefunga tai hata kwa ajili ya kongoro. Mahakama inawakilishwa na karani ambaye hunywa supu taratibu kama anayepitia jalada.

Hawawezi kumaliza bakuli bila kubishana ni mhimili upi ulio mkubwa, na ubishi ukikolea hakuna anayekumbuka kulipa. Msaidizi ndiye huanza. Hutaja ibara ya 63 ya Katiba ya mwaka 1977, inayolikabidhi Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, kisha husimulia, kwa sauti inayomfikia muuza mkaa ng'ambo ya barabara, jinsi ripoti ya kamati teule kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond ilivyofuatiwa na kujiuzulu kwa Waziri Mkuu Edward Lowassa mwaka 2008. Dereva humwacha amalize, huku yeye akishughulika na mfupa wake, ndipo anapomkumbusha kwamba mawaziri wanaosimamiwa ni wabunge hao hao, kwamba ibara ya 62 inamfanya Rais mwenyewe kuwa sehemu ya Bunge, na kwamba aliyejiuzulu mwaka 2022, baada ya maneno yake kuhusu mikopo ya Serikali kuzua kishindo, hakuwa waziri bali Spika, tena mbunge wa hapa jirani Kongwa. Hapo tai hulegezwa kidogo.

Sidhani kama yupo muuza supu mwingine aliyelazimika kununua nakala ya Katiba. Niliinunua kwa hofu. Ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja Bunge iwapo litakataa kupitisha bajeti ya Serikali. Ibara ya 97 nayo inasema Rais akiurudisha muswada, na wabunge wasiopungua theluthi mbili wakauunga mkono tena ndani ya miezi sita, basi atautia saini katika siku 21, au sivyo itabidi alivunje Bunge. Na Bunge likivunjwa, kiti chake mwenyewe nacho kinakuwa wazi. Wasomi husoma hayo wakafurahia namna madaraka yalivyogawanywa kwa ustadi. Mimi nikisoma naona sufuria lililochemka usiku kucha na gesti zote za Area D zikiwa tupu. Mkutano wa bajeti, kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Juni, ndio unaolipa ada za watoto wangu! Kwa hiyo mheshimiwa anaponguruma mwezi Mei kwamba safari hii haungi mkono hoja, mimi ndiye ninayekosa usingizi, nami hupumua siku wanapoitwa majina mmoja mmoja, na aliyenguruma akajibu "Ndiyo" kwa sauti ya upole kabisa. Wapo wanaomlaumu. Mwenye deni la mkaa hana nafasi hiyo.

Karani husema machache, lakini akisema, supu hupoa. Kisa chake ni kile cha Mchungaji Christopher Mtikila, aliyetaka mtu aruhusiwe kugombea bila kuwa na chama. Mwaka 1994, katika Mahakama Kuu hapa hapa Dodoma, Jaji Lugakingira alikubaliana naye. Mwaka huo huo Bunge likapitisha muswada wa Serikali wa kubadili Katiba, mlango ukafungwa. Mchungaji akarudi mahakamani, Mahakama Kuu ikampa ushindi tena mwaka 2006, Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba jambo hilo ni la kisiasa na lipelekwe Bungeni. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika, iliyopo Arusha, nayo ikasema haki za mchungaji zilikiukwa. Alifariki mwaka 2015, na mgombea binafsi hatujamwona hadi leo. Nilipouliza ni mhimili gani basi ulioshinda, wote watatu waliangalia mabakuli yao.

Juzi niliamua kulifungua daftari mbele yao, lenye mafuta na yote. Dereva alisema posho ya safari haijatoka, kwa hiyo Serikali inaomba muda. Msaidizi alisema mheshimiwa wake yuko jimboni, na yeye hana mamlaka ya kuidhinisha malipo. Karani alisema asingependa kulipa kabla ya wenzake, kwa kuwa ingeonekana ameegemea upande. Nikasema kwa hasira kwamba nitafungua shauri la madai Mahakama ya Mwanzo, tena dhidi ya wote watatu kwa pamoja. Karani alichangamka, akajitolea kunisaidia kuandika madai, akaomba aongezewe pilipili, kisha akanieleza kwa upole kwamba ada ya kufungua shauri hulipwa kwanza, na kwamba huko mambo ya kuandikiana kwenye daftari hayapo.