Nyungunyungu Mgeni: Tumkaribishe au Tumzuie?

Mkulima anayenunua minyoo wekundu wa kutengenezea mboji mara nyingi huambiwa kwamba amenunua afya ya shamba lake lote, na kauli hiyo ni kweli nusu tu. Mnyoo huyo, ambaye jina lake la kitaalamu ni Eisenia fetida, ametoka Ulaya. Ukimlaza kiganjani utaona mistari ya manjano kati ya pingili zake, na ukimbana hutoa majimaji yenye harufu kali. Chakula chake ni samadi na mabaki yanayooza, kwa hiyo akimwagwa kwenye udongo mtupu hadumu. Kazi ya kutoboa vijia vya maji na hewa chini ya mahindi hufanywa na nyungunyungu wengine, ambao kwa kawaida hawauzwi.

Wanaowatetea nyungunyungu wageni wana hoja nzito. Huko New Zealand, misitu ilipogeuzwa malisho, nyungunyungu wengi wa asili walitoweka, na wafugaji wakawa wanakata vipande vya nyasi vyenye minyoo wa Ulaya na kuvipandikiza mahali wasipokuwapo. Majani yakastawi zaidi. Wageni hao hawakumfukuza mwenyeji. Walikuta nyumba imeshabomolewa.

Kaskazini mwa Marekani hali ni kinyume. Barafu iliyofunika eneo la Maziwa Makuu ilipoyeyuka, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, misitu iliota bila nyungunyungu, na mbegu zikazoea kuchipua katika tabaka nene la majani makavu. Minyoo wa Ulaya, waliofika na udongo wa miche na baadaye kusambazwa na wavuvi waliomwaga chambo kilichobaki, hulila tabaka hilo hadi ardhi ikabaki wazi.

Kesi inayonisumbua zaidi ni ya malisho ya karibu na Manaus, Brazili. Baada ya msitu kukatwa, nyungunyungu mgeni aitwaye Pontoscolex corethrurus alitawala, na kinyesi chake kikaziba uso wa ardhi kama udongo wa mfinyanzi, mvua ikatuama juu. Hata hivyo, watafiti walipohamishia mabonge ya udongo huo msituni, wadudu na minyoo wa aina nyingi waliufungua tena katika muda wa mwaka mmoja tu. Kwa maoni yangu, kilichoharibu udongo pale ni kukosekana kwa wengine kuliko ugeni wa mmoja.

Afrika nayo imetoa wageni: Eudrilus eugeniae, mwenyeji wa Afrika Magharibi, sasa anafugwa kwa mboji hata Asia. Kwa anayelima kandokando ya msitu wa Usambara au Taita, basi, sanduku la mboji, ambalo minyoo wake wekundu hawadumu kwenye udongo mtupu, si la kuogopwa sana. Ningetazama kwanza udongo wa miche inayotoka mbali, kwa sababu Pontoscolex huzaa bila dume, na mmoja aliyejificha kwenye mizizi ya mche anatosha kuanzisha ukoo.