Rota ya Jumamosi na watu wasiosema

Kwetu Tanga, mtu akikwazwa na bosi wake atamwamkia vizuri kuliko jana. Jioni malalamiko yatapelekwa kwa mzee wa ofisini anayeheshimika, naye ndiye atakayejua lini ayafikishe juu, au asiyafikishe kabisa. Funika kombe mwanaharamu apite. Nilipokuja Nairobi kusimamia ghala huko Industrial Area, nilidhani hayo nimeyaacha, maana Mkenya tunamjua kwa kusema wazi. Na kweli anasema: serikali, foleni, bei ya unga. Ila kuhusu bosi aliyekaa mbele yake, hasemi.

Kikao cha Jumatatu ni cha kuitikia tu: "Iko sawa." Kikao chenyewe hufanyika saa nne kwenye kibanda cha chai nje ya geti, na kwenye lile kundi la WhatsApp ambalo msimamizi hayumo.

Ghalani kwetu jambo lilikuwa rota, ratiba ya zamu. Zamu za Jumamosi usiku ziliwaangukia walewale, nao wakaamini mpangaji anawapendelea watu wa kwao. Hakuna aliyelitamka. Lakini ukiingia chumba cha kulia, meza zimegawanyika kwa lugha za nyumbani. Na daftari la makabidhiano, ambalo zamani lilijaa "foklifti ya pili breki zinalegea" na "mzigo wa Nakuru haujahesabiwa", lilibaki na sahihi tupu. Wa usiku hamwambii wa asubuhi kitu.

Wakubwa wakapendekeza safari ya Naivasha ya kujenga umoja. Wakubwa wa jiji hili wanaiamini mno Naivasha: watu wavute kamba, wale nyama choma, wapigwe picha na fulana za kufanana, Jumatatu rota ni ileile.

Mimi nasema kiongozi ndiye alitaje jambo kwanza, tena si kikaoni. Kumtaka mtu aseme "ukabila" mbele ya wenzake, katika nchi iliyopitia machafuko ya 2007 na 2008, ni kumwonea; sisi wa ng'ambo ya Namanga neno hilo tunalichukulia kirahisi sana. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 imeziambia taasisi za umma kabila moja lisizidi theluthi ya wafanyakazi, lakini sheria haiji kukupangia zamu. Basi niliwaita mmoja mmoja, nikatandaza rota za nyuma mezani. Sikuuliza kama kuna shida, kwa sababu jibu lake nalijua. Niliuliza wanaona nini. Mama mmoja wa upakiaji aliweka kidole juu ya Jumamosi zake, moja baada ya nyingine, akasema, "Hesabu mwenyewe, bosi."

Mpangaji naye alikuwa na lake. Usiku aliwapanga wanaokaa Mukuru, mtaa wa jirani na ghala, kwa kuwa wanarudi kwa miguu. Wa Githurai, mbali kule, saa nane za usiku atapata wapi matatu? Hakuwahi kumweleza mtu, kwani hakuna aliyemuuliza. Sababu yake naielewa, ila bado mzigo wa kampuni kutolipia usafiri aliwatwika watu wachache, na hilo nilimwambia.

Tanga, mzee wetu angemwomba yule mama avumilie, na mpangaji asingeulizwa lolote. Hapa sasa Jumamosi zinazunguka kwa wote na gari la usiku lipo. Wenye kampuni wananung'unikia gharama yake. Nimewashauri waitoe kwenye bajeti ya Naivasha.