Sikuanguka, Nilishoneka

Kwanza nianze na hili: sikuanguka. Rafiki yangu mmoja, simtaji maana anasoma hapa na atajifanya hajaelewa, ameshasambaza kwamba nilianguka mbele ya meza kuu na dera likavuka kichwani. Sauti aliyorekodi imefika Tabora kabla treni haijatoka hapa mwisho wa reli. Wifi yangu wa huko kanipigia simu, salamu hakutoa, anacheka tu mpaka salio likamwishia. Sasa nasimulia mwenyewe. Aibu ni yangu, acha niigawe kwa mizani yangu.

Mnaonifuata mnaijua sebule yangu hapa Ujiji. Mgeni hakai kabla sijapapasa kochi kutafuta pini. Meza ya chakula ina cherehani ya kukanyaga, chini yake viroba vya vipande vya vitenge ninavyoomba kwa mafundi wa soko la Mwanga, na kwenye mkono wa kochi hapakosekani sweta ya mtoto wa mtu. Ndiyo, sweta, hapahapa ziwani kwenye joto. Mzazi wa Kigoma jua la saa saba linawaka na bado kichanga kimevikwa sweta, kofia, soksi, halafu blanketi juu. Mimi nani nikatae hela yake? Mume wangu keshazoea. Siku hizi akisikia njaa anauliza, "Leo tunalia wapi?"

Mwezi huu nikajitwisha mawili kwa mpigo. Mtoto wa kaka yangu anaagwa Jumamosi, sendofu ukumbini Mwanga, na mimi shangazi mtu nimeshaahidi mfarishi wa viraka wa kitanda cha futi sita kwa sita. Wakati huohuo kuna mama anampeleka mtoto Kasulu kwa bibi yake, anataka sweta ya njano, na baridi ya Kasulu si ya kusingizia. Basi mchana mfarishi, usiku sweta mbele ya tamthilia. Mume kimya. Alijua yatakayotokea, alinyamaza makusudi.

Asiyewahi kushona mfarishi anadhani kazi ni viraka. Viraka ndiyo starehe yenyewe! Unafua vitenge vyote kwanza, maana kipya kina wanga na kikija kufuliwa baadaye kinarudi, na chekundu kinamwagia rangi jirani zake. Unapanga, unachagua, unajiona msanii. Mateso yanaanza kwenye kuunganisha: juu viraka, katikati blanketi jepesi la kujazia, chini shuka. Unatandaza sakafuni, unapiga bandi, mishono mirefu ya kushikiza kwa muda, kuanzia katikati kwenda pembeni ili visikunjamane, unatembea kwa magoti mpaka unasahau una miguu, ndipo cherehani ipite. Mwisho kabisa ni pindo, nalo mimi napiga kwa mkono ili uzi usionekane. Futi sita mara pande nne, pigeni hesabu wenyewe.

Jumamosi alasiri, upande mmoja na ushee haujaguswa. Umeme umekatika, pasi ya baridi, bajaji inapiga honi nje. Nikasema potelea mbali, nitamalizia njiani. Nikaingia na mfarishi mapajani, sindano mkononi, na sweta ya njano na bonge lake la uzi ndani ya mkoba, maana sherehe zetu zinaanza kwa kusubiri na mimi kusubiri mikono mitupu siwezi. Huyo rafiki msambazaji alikuwa ubavuni kwangu, anajipaka wanja kwa kioo cha simu. Kila tuta yeye wanja unaenda sikioni, mimi sindano inazama chini kuliko nilivyoituma. Nikawa najisifu kimoyomoyo: leo pindo limekamata.

Lilikamata.

Mtaniuliza wakati wa kushuka sikuhisi? Jamani, dera. Dera langu lile lina kitambaa cha watu wawili, siku zote linavutwa na kitu. Nikaukumbatia mfarishi tumboni, nikaingia ukumbini, nikakaa nao mapajani, nikafuma mkono wa sweta mpaka karibu na kwapa. Safi kabisa.

Kisha MC: "Shangazi mtuuu!" Muziki ukafunguliwa. Nikatumbukiza sweta mkobani, nikaenda mbele nacheza, mfarishi kifuani, upande wetu wanapiga vigelegele, upande wa wakwe wananyoosha shingo. Bi harusi akapokea pembe mbili. Matroni akapokea pembe mbili. Wakaanza kurudi nyuma polepole ili watu waone.

Mfarishi ukafunguka, bluu, njano, ile nyekundu iliyonitoa jasho. Ukumbi ukasema "Aaah!" Mimi nikasikia upepo kwenye vifundo vya miguu. Nikadhani feni. Wakarudi hatua nyingine. Upepo ukapanda magotini. Nikawaza, feni gani hii inapuliza kutoka chini? Nikainamisha macho, nikaona dera langu linaniaga. Linaondoka na mfarishi, taratibu, kwa heshima zote, mshono mmoja baada ya mwingine umelishika kwenye pindo upana wa shubiri mbili.

Nikadaka mfarishi nikavuta kwangu. Bi harusi akacheka akavuta kwake. Nikavuta. Akavuta. Sasa mnajua mila zetu, shangazi kukataa kuachia ni sehemu ya burudani. MC akadandia: "Shangazi hataki kuachia zawadi! Mtunzeni aachie!" Watu wakainuka na noti. Wakwe wananitunza, kaka yangu mwenyewe ananitunza, mmoja kanibandika elfu mbili kwenye paji la uso, na kadiri ninavyotunzwa ndivyo binti anavyovuta, na kadiri anavyovuta ndivyo dera linavyopanda.

Gagulo langu nililikata wiki ile kutengeneza utepe wa pindo. Ndani nilikuwa na bukta ya mpira ya mume wangu. Watoto wa mbele wakasoma kwa pamoja, kwa sauti ya darasani: "NAMBA TISA!"

Livingstone alikutwa hapa Ujiji mwaka 1871 akiwa mgonjwa na hoi, lakini angalau alikuwa na suruali.

Nikainama kujifunika, mkoba ukaanguka. Sindano za kufumia huku, sweta kule, bonge la uzi likabingirika mpaka miguuni kwa bibi wa bwana harusi. Bibi wa watu, kwa ustaarabu wake, akaliokota akaanza kuvuta uzi na kuukunja vizuri, asitake kuniaibisha. Nilikuwa nimekwama na mfarishi, namwona kwa macho yangu anakunja mkono mzima wa sweta. Kwapani. Kiwiko. Pindo la kiganja. Alipomaliza akaninyooshea bonge kwa mikono miwili na kunitikisia kichwa. Ningemwambia nini? Nilimshukuru. Huwezi kumgombeza bibi wa wakwe siku ya kwanza.

Matroni ndiye aliyeshtuka, akaja na kisu cha keki, akanikata, nikaenda kukaa, nikala pilau. Hakuna aliyeanguka. Na andikeni hili mahali: uzi haukukatika. Dera ndilo lililochanika, mshono wangu ulibaki palepale.

Hela za kutunzwa zimenunua uzi mwingine wa njano na gagulo. Mkono wa sweta naufuma upya, mama wa Kasulu usinipigie, ikifika nitakwambia. Bi harusi kanitumia ujumbe anauliza kile kitambaa cha maua kinachoning'inia pembeni ya mfarishi kinaashiria nini katika ukoo wetu, maana mkwe wake kauliza. Nimemjibu ni baraka za shangazi, asikitoe.

Na wawili wa upande wa wakwe wameshaagiza mifarishi. Mmoja anataka kujua kama bei ni pamoja na namba tisa.